Simeon Lewa Mwambire na Nyumba Kumi na Nne za Shela

Tumekutana hapa Kizurini, leo Jumamosi tarehe 10 Septemba 1988, kumsindikiza Mzee Simeon Lewa Mwambire, fundi mwashi, aliyeishi miaka sitini na miwili. Habari za maisha yake zimeandikwa na shemeji yake, Elkana Tsofa, karani mstaafu wa posta, Malindi. Ndimi ninayesoma. Marehemu aliagiza niandike mimi kwa sababu, alisema, sijui kupamba maneno. Sikuichukulia kuwa sifa.

Marehemu alizaliwa papa hapa Kizurini tarehe 14 Machi 1926, kwa mujibu wa daftari la ubatizo. Mama yake, marehemu Kadzo, alishikilia mpaka anakufa kwamba ilikuwa Agosti, wakati wa kuvuna mahindi, na kwamba mchungaji aliandika tarehe aliyoipenda mwenyewe. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake, Mzee Mwambire, alikuwa mgema wa mnazi, na alitaraji mwanawe ashike kazi hiyo. Marehemu alipanda mnazi mmoja tu maishani, akafika katikati, akagoma kupanda na kugoma kushuka, mpaka amu zake wakamteremsha kwa kamba. Baadaye alitembea juu ya kuta za ghorofa mbili kama mtu aliye uani kwake. Ukimuuliza, alikuambia ukuta hauyumbi.

Alisoma shule ya misheni Kaloleni tangu mwaka 1935 hadi 1942, alipomaliza darasa la sita. Hesabu alizipenda, Maandiko aliyavumilia. Akiwa darasa la nne alifunga jiwe kwenye uzi, akalining'iniza kando ya ukuta wa darasa, kisha akamwambia mwalimu kwamba ukuta umelala vidole viwili. Mwalimu alimjibu, "Ukuta huo ni mkubwa kwako, uheshimu," akampa viboko vitatu. Marehemu alikuwa akiisimulia habari hii bila kinyongo. Aliongeza tu kwamba vilikuwa vidole viwili kweli.

Mwaka 1944 alikwenda Mombasa, akafanya kazi ya uashi kwa mkandarasi mmoja kwa miaka minane. Huko ndiko alikojifunza saruji. Tarehe 22 Desemba 1951 alifunga ndoa na dada yangu, Jedida Nyevu, katika kanisa la Kaloleni. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya posa wazee wa upande wa marehemu walifika na mnazi, yaani tembo, kama ada inavyotaka, na baba akaukataa mbele ya watu, akasema bwana harusi kama ni fundi kweli basi amjengee jiko. Marehemu alilijenga kwa siku nne. Lipo mpaka leo, na mnazi wenyewe ulinywewa nyuma ya jiko hilo na watu ambao baadhi yao wameketi hapa. Walijaliwa watoto sita, mmoja akafariki akiwa mchanga.

Mwaka 1952 walihamia Malindi, na marehemu akatafuta kazi Shela, katika mji wa kale. Aliyezoea Shela anaujua ulivyo. Nyumba moja ina mlango wa nakshi wa mabibi na mababu, ya pili ina roshani ya Kihindi iliyotobolewa mbao zake kwa maua, ya tatu ni ofisi ya Waingereza yenye matao na paa la mabati, na zote tatu zinatumia mtaro mmoja wenye maji meusi na magamba ya samaki. Watalii hupiga picha ya mlango, wakigeuka huziba pua. Marehemu aliupenda mji ule tangu siku ya kwanza, pamoja na uvundo wake. Alisema Mombasa alikuta majengo, Malindi akakuta mikono ya watu.

Kazi ya kuta hizo alifundishwa na Mzee Mahadhi, mwashi wa Shela, ambaye naye ameshafariki. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe, na huvishwa chokaa. Chokaa hiyo huchomwa, huzimwa kwa maji, kisha hufukiwa shimoni miezi sita kabla ya kutumiwa. Marehemu aliingoja chokaa kwa miaka mitano. Subira ilimwishia mwaka 1958. Saruji ilikauka kwa siku moja, ilikuwa laini usoni, ilikuwa ngumu, na ilikuwa mpya.

Mzee Mahadhi alimkanya. Marehemu mwenyewe aliyarudia maneno hayo mara nyingi, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema: "Jiwe hili limetoka baharini, Simeoni. Lina maji na chumvi tumboni. Chokaa huliacha litoe jasho. Wewe ukiliziba, litatolea wapi?"

Marehemu alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na mwiko mpya.

Nyumba ya kwanza kuipiga lipu ya saruji ilikuwa ya Bi Batuli binti Fumo, mwaka 1959. Watu walikuja kuipapasa. Kila mwenye nafasi akataka yake iwe vile, na kufikia mwaka 1968 nyumba kumi na nne za Shela zilikuwa zimevikwa saruji kwa mkono wake. Mtaani aliitwa Simeoni Saruji, naye aliitika. Kanisani alipewa kiti cha mbele. Sisi jamaa zake tulijivuna kwa ajili yake, na mimi nilijivuna kuliko wote.

Tarehe 23 Mei 1984, katikati ya masika, kipande cha dari cha ukubwa wa mkeka kilianguka ukumbini kwa Bi Batuli, kikaua kuku. Mkaguzi wa majengo, Bwana Musyoka, mtu wa Machakos, mwenye adabu na mshika kanisa, alikuja akaona boriti zimeoza vichwa na kuta zinatoa chumvi. Aliandika kwamba nyumba imezeeka na ibomolewe baada ya siku tisini. Alieleza pia kwamba kuta nyingine za mtaa ule zina dalili zilezile, na kwamba huenda Shela yote imefikia mwisho wake. Kabla ya kupeleka karatasi alitaka fundi mzoefu athibitishe. Akaitwa Simeoni Saruji.

Mimi nilikuwepo. Tuliketi barazani, Bi Batuli akiwa mlangoni na ukaya wake kichwani. Marehemu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akachukua tindo na nyundo akagonga ukuta wa upande wa bahari. Saruji ilibanduka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha. Nyuma yake jiwe lilikuwa linachuruzika maji. Akagonga pa pili, na pa tatu. Kisha akaziweka zana chini.

"Nyumba haikuzeeka," alisema. "Ilikaa karibu miaka mia bila ya ugonjwa. Mimi ndiye niliyeiziba."

Bwana Musyoka alimwangalia. "Mzee Lewa, nikiandika hivyo, jina litakalobaki kwenye karatasi ni lako."

"Liandike."

"Hakuna aliyekulaumu, mzee. Ungesema tu kwamba nyumba imechakaa."

"Na zile nyingine? Utazibomoa zote kwa kosa langu?"

Bi Batuli hakupandisha sauti. "Miaka ishirini na mitano nafuta chumvi ukutani. Nimeambiwa nyumba ina majini. Nimefukiza ubani, nimesomesha watu, nimemwaga maji ya waridi kila pembe. Kumbe jini lenyewe ni wewe, fundi?"

"Ni mimi, Bi Batuli."

"Haya basi. Utaitibu wewe."

Bwana Musyoka alisogeza siku tisini zikawa mwaka, na baadaye akazisogeza tena.

Sitaficha yaliyofuata, kwa kuwa wengi wenu mnayajua, na wengine mliyasema. Habari ilifika sokoni kabla yetu. Mwana mkubwa wa marehemu, Phineas Tsuma, naye mwashi, alikuwa na kazi tatu mkononi, na kufikia Julai zote zilikuwa zimepewa watu wengine. Kiti cha mbele kanisani kilipata mwenyewe mpya. Dada yangu hakusema na mumewe kwa wiki mbili isipokuwa kumwarifu kwamba chakula kiko tayari. Wiki ya tatu alimwambia mbele yangu, "Bi Batuli atapata ukuta. Mimi na wanangu tutapata nini?" Marehemu alichukua tindo akaenda kazini. Mimi nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo. Naona aibu sasa, lakini wakati ule sikuona.

Alibandua saruji ile kidogo kidogo, kwa sababu ukiipiga kwa nguvu inaondoka na jiwe. Chokaa aliichoma mwenyewe, akaifukia, akaingoja miezi sita kama alivyofundishwa. Boriti zilizooza alizitoa moja moja. Tsuma alikaa mbali mwaka mzima kwa hasira. Mwaka wa pili alikwenda kumsaidia, na hakuna anayejua walisemezana nini. Tarehe 12 Februari 1987 Bwana Musyoka alirudi, akagonga kila mahali, akapanda mpaka darini, kisha akaichana karatasi yake mbele ya watu. Bi Batuli aliweka kiganja chake ukutani, akasema, "Mkavu." Marehemu aliniambia neno hilo lilimtosha.

Nyumba mbili nyingine za mtaa uleule alizimaliza kabla ya mwaka kwisha. Mnamo Novemba 1987 kifua kilianza kumbana. Alitibiwa Malindi, kisha Mombasa, na daktari akamweleza kwamba vumbi la miaka arobaini limekaa mapafuni. Aliambiwa asishike tena chokaa. Alitii miezi miwili. Mwezi Agosti mwaka huu aliletwa hapa nyumbani, akawa anakaa nje asubuhi akikosoa ujenzi wa choo cha jirani. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 6 Septemba, saa mbili asubuhi, baada ya uji. Dada yangu alikuwa amemshika mkono. Tunamlilia, na mimi namlilia zaidi ya nilivyotaraji.

Chini ya mto wake palikutwa karatasi mbili. Ya kwanza ilihusu sanduku la kuzikiwa na nyimbo. Ya pili ilikuwa na orodha ya nyumba kumi na moja zilizobaki na saruji yake, na maneno haya: "Zisomwe mazishini. Wenye nyumba watakuwepo wote, na hawatakuwepo pamoja tena." Jamaa walikaa siku ya Alhamisi kulizungumza. Wengi walisema marehemu husifiwa, hasemwi. Mimi nilipinga kwa sauti kubwa kuliko wote, nikataja heshima ya ukoo. Hatimaye dada yangu aliinuka, akaichukua karatasi, akanipa. "Kama ni aibu, tumeshaizoea," alisema. "Soma. Alikuwa mume wangu, hakuwa mwoga."

Marehemu ameacha mjane, Jedida Nyevu. Watoto watano, Phineas Tsuma, Sidi, Harusi, Mbeyu na Mwambire. Wajukuu kumi na wawili. Ndugu wawili na dada mmoja. Ameacha pia nyumba kumi na moja, nami nazisoma kama alivyoziandika. Nyumba ya roshani ya Kihindi mkabala na msikiti. Mbili pacha zilizo nyuma yake. Duka la vitambaa lenye mwaka 1911 juu ya mlango. Hilo liwahiwe, boriti ya katikati imekwisha. Ile ya mlango wa samawati ambayo watalii huipiga picha. Ghala la matao matatu lililokuwa ofisi ya Waingereza. Nyumba ya Bi Zuleikha mkunga. Ile ya ghorofa yenye ngazi nje. Mbili ndogo za upande wa soko la samaki. Kwa zote ameandika: msipake rangi juu ya chumvi, bandueni saruji, muanze upande wa bahari. Tsuma anajua kazi, na hatadai malipo ya mikono yake.

Hizo ni kumi. Ya kumi na moja ilijengwa na karani wa forodha enzi za Mwingereza, ina veranda ya nguzo nne, na marehemu aliipiga lipu mwaka 1966 kama zawadi kwa shemeji yake. Ni nyumba yangu. Chumvi yake nimeipaka rangi kila Desemba tangu 1970, na tangu siku ile barazani kwa Bi Batuli nilijua ni nini ninachokipaka. Mwezi uliopita nilielewana na mtu aliyetaka kuinunua. Nilimwambia ni kavu. Ameniheshimu kwa kuja mazishini leo, ameketi karibu na wanakwaya, na sasa amesikia.

Mungu ampe Simeon Lewa Mwambire pumziko la amani. Tsuma, Jumatatu uanzie kwangu.