Mama Itakuwaje na Namba ya Ukutani

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, mratibu wa Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Teknolojia ya Habari kwa watu walio kazini anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe ishirini na nane mwezi huu. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, lakini ukiliita koridoni hakuna atakayegeuka, pengine hata mwenyewe. Chuo kizima kinamwita Mama Itakuwaje. Mhariri wa jarida letu ameomba wasifu wa kuchangamsha. Mwandishi wa mistari hii, ambaye Jumatatu ya tarehe mosi atakalia kiti chake, anaomba radhi mapema: atajitahidi kuchangamka, ila anaandika roho ikiwa mkononi.

Jina lenyewe alijipatia kwa mdomo wake. Ukimpelekea mpango wowote, atausikiliza mpaka mwisho, atavua miwani, atauliza: “Sawa. Na ikizima, itakuwaje?” Amewauliza hivyo wanafunzi waliokuja na mifumo ya benki na ya umeme, akamuuliza mpishi wa kantini siku aliponunua jiko jipya, akamuuliza fundi aliyetuletea lifti. Fundi yule alisema ataulizia kiwandani. Tangu siku hiyo mkuu wa idara yetu hupanda ngazi, ghorofa nne, asubuhi na mchana, na anasema ni kwa ajili ya afya.

Hofu yake ina asili, na kila kundi jipya la wanafunzi limesimuliwa Jumamosi ya kwanza. Akiwa na umri wa miaka ishirini aliajiriwa kuingiza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta ya hospitali moja kubwa. Mashine ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Kila siku kabla ya kwenda nyumbani alikuwa akinakili kumbukumbu zote kwenye kanda, anaandika tarehe kwa mwandiko mzuri, anaifungia kanda kwenye sanduku la chuma. Hakuruka hata siku moja. Katika mwaka wake wa tisa, Jumanne moja asubuhi, mashine ikafa. Hakuna aliyeshtuka sana, kwa sababu kanda zilikuwapo. Wakafungua sanduku, wakaweka ya kwanza: tupu. Ya pili: tupu. Wakarudi nyuma wiki, mwezi, miaka miwili. Zote tupu. Kifaa cha kunakili kilikuwa kimekufa zamani. Taa yake iliwaka, kanda ilizunguka, na hakuna kilichoandikwa. Na katika muda wote huo hakuna mtu, yeye mwenyewe akiwamo, aliyewahi kujaribu kusoma hata kanda moja.

Kwa siku tatu hospitali ile haikujua nani ana damu ya kundi gani, nani hapatani na dawa ipi. Alikimbia wodi hadi wodi akiwatajia wauguzi yale aliyoyakumbuka kwa kuwa aliyachapa kwa vidole vyake. Wodi namba nne alimkuta muuguzi ameshajaza bomba la sindano, na mgonjwa ni yule ambaye dawa hiyo ingemuua. Alipiga kelele kutoka mlangoni. Hakuna aliyekufa siku zile tatu, naye hajawahi kuliita jambo hilo ushindi. Husema ilikuwa bahati, na akifika hapo sauti hushuka mpaka walioketi nyuma huinamia mbele kumsikia.

Alikuja chuoni kwetu kama fundi wa chumba cha mashine. Shahada hii ilipoanzishwa, alikuwa katika kundi la kwanza, mama wa watoto watatu mwenye miaka thelathini na minane, mchana akizihudumia kompyuta na jioni akiketi mbele ya hizohizo kusoma namna ya kuzisimamia. Tasnifu yake ilihusu nakala za akiba zisizojaribiwa. Watahini walimwomba apunguze vitisho katika sura ya nne. Aliongeza kurasa mbili, na wakampitisha.

Miaka mitano baadaye alikabidhiwa uratibu, na mambo mawili yakabadilika papo hapo. La kwanza ni usingizi. Wanafunzi wetu hutoka kazini wakiwa hoi na kuingia darasani saa kumi na moja na nusu jioni wakiwa na njaa na tai zimelegea. Mama aliagiza taa zizimwe dakika kumi za mwanzo, kila mtu alaze kichwa mezani. Alisema mtu aliyechoka ndiye anayefuta faili lisilopaswa kufutwa. Mwandishi wa mistari hii, aliyekuwa katika kundi la tano na mchana akifanya kazi mamlaka ya maji, ndiye anayeshikilia rekodi ya kukoroma. Mama alimpachika jina la Mtu wa Maji, na mpaka leo hata wahadhiri wenzake wanalitumia.

La pili ndilo linalotutoa jasho mpaka leo: Jumamosi ya Kuzima. Mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ambayo hakuna aijuaye, Mama anaingia chumba cha mashine, anavuta waya wa umeme wa seva kuu ya chuo kwa mkono wake, anatoka na kuketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni akiwa na saa yake. Wanafunzi waliopo ndio wanaopaswa kurudisha kila kitu kwa kutumia nakala za akiba na faili nene liitwalo Daftari la Hofu. Humo kila hofu ina ukurasa wake, wenye hatua ya kuchukua na jina la mhusika. Mara ya kwanza ilichukua saa tisa. Ilibainika kwamba sisi, tuliokuwa tukiwafundisha watu wazima kutunza nakala, nusu ya nakala zetu hazikusomeka. Mkuu wa idara wa wakati huo alimwandikia barua ya onyo. Mama aliibandika ukutani chumba cha mashine, na chini yake akaandika kwa wino mzito namba yake ya simu, na maneno: Ikishindikana, piga hapa.

Amezima mara thelathini na tatu. Hatukuwahi kuzoea. Kila Jumamosi zikisikika hatua zake koridoni, kila mtu huhifadhi kazi yake haraka. Lakini miaka mitatu iliyopita radi ilipiga kituo cha umeme na seva kuu ikaungua kweli, siku ya kutoa matokeo, na dakika arobaini baadaye matokeo yalikuwa hewani. Wengi wenu mnaosoma jarida hili hamkujua kwamba kulitokea kitu.

Sasa ije habari ya mwezi uliopita, ambayo mhariri alitamani iachwe.

Jumamosi ile ilikuwa ya utetezi wa tasnifu. Wanafunzi kumi na wanne, watahini wawili kutoka nje, ukumbi umepangwa. Saa mbili asubuhi Mama hakuwapo. Katika miaka thelathini na moja hajawahi kuchelewa hata dakika tano. Saa mbili na robo simu yake haikupatikana. Saa mbili na nusu dereva wa idara alifika kwake akakuta mlango umefungwa, na jirani hakujua lolote. Tunajua ana presha. Mkuu wa idara aliketi kwenye ngazi zake, akashika tama, akasema kwa sauti ndogo kwamba hatujui hata hospitali ya kuanzia kutafuta.

Funguo za ukumbi alikuwa nazo yeye. Nenosiri la kufungulia tasnifu na fomu za alama alilijua yeye. Nani aanze na nani afuate, kwa kuwa wengine walipaswa kuwahi zamu kazini, lilikuwa kichwani mwake. Mwandishi wa mistari hii alikimbilia Daftari la Hofu, kwa pupa hata akachana ukurasa wa yaliyomo. Akaupata: Mratibu hayupo. Ukurasa huo Mama alikuwa amemwagiza yeye auandike, miaka sita iliyopita. Chini ya neno “hatua” Mtu wa Maji aliandika, kwa mwandiko wake mwenyewe na saini yake: Tutampigia simu.

Naacha kujiita mwandishi wa mistari hii, maana aliyeketi sakafuni pale chumba cha mashine akisoma ujinga wake mwenyewe alikuwa mimi.

Walioniinua ni wanafunzi. Mmoja ni msimamizi wa kompyuta za hospitali, dada mpole ambaye kwa miaka miwili sikumsikia akipandisha sauti. Alisimama mlangoni akasema, “Mtu wa Maji, hii si ndiyo tuliyofundishwa? Amka basi.” Seremala akaja kubomoa kitasa. Tasnifu zikakusanywa upya kutoka kwenye simu na kompyuta za wenyewe. Wanafunzi wakapangana kwa zamu zao za kazi, na mimi nikaketi kiti cha mratibu mbele ya watahini, shati likinigandia mgongoni. Kila baada ya wanafunzi wawili nilitoka nje kidogo nipige tena ile namba. Tulimaliza saa kumi na mbili kasoro. Wote kumi na wanne walijitetea, na wawili wameambiwa warekebishe. Tulichelewa kwa saa tatu, tuliharibu mlango, tulipoteza fomu moja ikapatikana kwenye mfuko wa mtahini. Jumapili nzima sikula. Nilipita hospitali nne.

Jumatatu saa mbili kamili asubuhi Mama aliingia, mkoba begani, mzima. Aliwasha simu yake mbele yangu, akaitazama, akasema, “Kumi na saba. Ile hatua uliyoiandika umeitekeleza vizuri kweli.”

Alikuwa amekwenda na mumewe kwa dada yake, siku tatu, kwa kusudi. Ilikuwa Jumamosi ya Kuzima ya thelathini na nne, na safari hii alichokizima ni yeye mwenyewe. Nilikasirika, nisifiche. Nilimwambia mchezo wa namna ile hachezewi mtu, kwamba tulishaanza kumlilia, na kweli machozi yakanitoka palepale. Alifunga mlango. Akaniketisha. Kisha akanisimulia kipande cha hadithi ya hospitali ambacho hajawahi kukisimulia darasani.

Kulikuwa na fundi mmoja pale hospitalini aliyeijua ile mashine ndani nje. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla. Walimfanyia sherehe nzuri, wakampa saa ya ukutani, wakasoma wasifu mzuri, na hakuna aliyemuuliza kanda husomwaje. Mashine ilipokufa, Mama, binti wa miaka ishirini na tisa, ndiye aliyepewa kazi ya kumpigia. Alipiga siku ya kwanza, simu ikaita tu. Akapiga ya pili. Siku ya tatu ilipokelewa na mkewe. Alisema mumewe alizikwa mwezi uliopita. Akasema alidhani hospitali inajua, akabaki kushangaa kimoyomoyo kwamba wenzake wote wale hakuna aliyekuja. Halafu akauliza kwa adabu kama kuna jambo wanalohitaji.

Mama alisema hofu zote nyingine amezipatia ukurasa, lakini ile sauti hajui aiweke wapi. Baadaye alinipa karatasi yenye makosa yetu ya Jumamosi ile, ishirini na mawili, aliyoyakusanya kwa kuwauliza wanafunzi mmoja mmoja, na ombi moja: kabla hajaondoka, ile namba ukutani ifutwe.

Ukurasa wa “Mratibu hayupo” sasa una karatasi nne, na kila ufunguo una nakala tatu mikononi mwa watu watatu. Nenosiri limekabidhiwa kwa maandishi ndani ya bahasha mbili. Jumamosi ya Kuzima itaendelea, na mkono utakaovuta waya ni wangu. Sijui kama nitathubutu. Nimeshaingia mara mbili chumbani kujaribu kuushika tu, nikatoka bila kuugusa. Ila wanafunzi wa kundi jipya wakae wakijua kwamba tarehe haitatangazwa.

Kwa niaba ya idara, ya makundi yote yaliyopita mikononi mwako, na ya wagonjwa wa ile hospitali wasiokujua hata kwa sura, tunakushukuru, Mama. Umetutia woga, na woga huo umetufanya tuwe makini. Tunakutakia mapumziko marefu, presha iliyotulia, wajukuu wasiozima vitu, na maisha mema wewe na mzee nyumbani.

Ile namba nimeifuta jana, kwa kitambaa na spiriti. Wino ulikuwa umeingia ndani ya rangi, nikasugua mpaka ukuta ukabaki na doa jeupe. Lakini naijua kwa kichwa, Mama, niliipiga mara kumi na saba. Mashine zikizima, sitakupigia. Nitakupigia siku ambayo zote zinawaka na hakuna tunachohitaji, nikuulize umeamkaje. Siku hiyo, tafadhali, pokea.