Alhamisi Niliyokwenda Kuwafumania

Kamwene, mama zangu. Itikieni tena, ila taratibu, kama mnavyoongea jikoni. Asanteni, nimewasikia. Mwaka juzi mngeitikia hivyo ningesema akina mama wa Makambako wananidharau, na ningerudi kwenye benchi nimenuna.

Mimi ni mkulima wa chai, nimetoka Lupembe na wenzangu wa usharika. Ushuhuda wangu ni wa wivu. Msicheke kwanza. Sisemi kale kawivu ka kumuuliza mume amechelewa wapi. Nasema wivu wa kula nao na kulala nao, mpaka nikakonda, magauni yakanipwaya.

Mume wangu ndiye anayesimamia mzani kwenye banda letu la majani. Tunashusha matenga yetu, yeye anapima, tunasubiri lori la kiwanda. Sasa nina jirani mmoja, simtaji, mwenyewe anajijua. Ana sauti ndogo, ya upole. Nikawa naona kila akifika kwenye mzani midomo yake inacheza, mume wangu anainama kumsikiliza, wanacheka. Mimi nimesimama hatua tatu tu na siambulii neno. Nikajiuliza, ni maneno gani hayo ya kunong'onezana mbele ya watu? Nyumbani mume huyohuyo alikuwa ananipa maneno mawili matatu, tena kwa kufoka. Chakula. Mvua. Ng'ombe katoka. Kule anacheka, huku anafoka. Jamani, ninyi mngewaza nini?

Siku moja aliniambia kwamba huenda masikio yangu yana shida. Nilimtupia mwiko. Nikasema ananiita kiziwi ili apate kisingizio cha kuleta mwingine. Tangu hapo hakugusia tena, na mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ushahidi.

Nikaanza kunusa mashati. Nikaacha kumsalimia yule mwanamke. Ana binti wa darasa la pili, mwalimu alikuwa anamwona mkaidi, kumbe mtoto hasikii. Walimpeleka Njombe, akapimwa, akavalishwa vifaa vya kusaidia kusikia. Mnajua mimi nilifanya nini? Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema mama yule ana maringo mpaka mwanawe anatembea na redio masikioni. Nilimwonea wivu hata mtoto, kwa sababu mume wangu alikuwa anamuulizia kila siku.

Basi, Jumanne moja nikashika simu ya mume wangu. Nikakuta ujumbe wa jirani: "Alhamisi saa tatu. Usimwambie kwanza."

Nilikwenda moja kwa moja bandani. Jirani alikuwa ameshusha tenga lake, limejaa, majani laini yaliyochumwa tangu umande haujakauka. Nikalinyanyua nikalimwaga kwenye tope. Halafu nikayakanyaga. Ninyi wakulima mnajua ni kitu gani nilichofanya. Majani ya siku nzima, na lori limeshafika. Watu wakaduwaa. Na mume wangu, mbele ya wote, akapiga magoti kumsaidia kuokota. Hapo nikawaka kabisa. Nikapiga kelele waseme hiyo Alhamisi wanakwenda wapi.

Jirani akaendelea kuokota. Mume wangu akainuka na tope magotini, akanisogelea mpaka sikioni.

"Ni Alhamisi yako," akasema. "Amekuombea nafasi ya kupimwa masikio."

Sikuamini hata kidogo. Ndugu zangu, nisiwadanganye, mimi sikwenda Njombe kutafuta uponyaji. Nilikwenda kuwafumania. Nilivaa viatu vya kufunga kamba, ikibidi kupigana nisiteleze. Jirani hakupanda basi, nikasema wamebadilisha mpango. Pale hospitali tulikaa kwenye foleni na wazee na akina mama wenye watoto wachanga, na mimi nikawa nakagua kila mwanamke anayepita, kama mume wangu atamtazama.

Nikaitwa. Mtaalamu, binti mdogo tu, akanichungulia masikio kwa kijitaa chake. Akaniingiza chumba kidogo kisicho na kelele, akanivalisha vile vya kusikilizia, akanipa kitufe. Nikisikia mlio wowote, hata mdogo namna gani, nibonyeze. Nikakaa. Nikangoja. Namwona kwenye kioo anashughulika na mashine yake, mimi na kitufe changu tunatazamana. Nilipochoka nikamwambia, "Mwanangu, anza basi, sisi tuna safari."

Akafungua mlango, akainama nimwone mdomo.

"Mama, nimeanza kitambo. Tunakaribia kumaliza."

Nilibaki na kile kitufe mkononi. Milio yote hiyo ilipita mbele yangu na mimi nikaapa haijapigwa. Nikaliona banda, nikauona mzani, nikaiona midomo ya jirani. Hakuwa ananong'ona. Alikuwa anaongea kama watu wanavyoongea.

Nilipotoka nilimuuliza mume wangu kitu kimoja tu: mlikuwa mnacheka nini? Akanipazia sauti, foleni nzima ikasikia, kwamba yule mtoto wa jirani siku ya kwanza kuvaa vifaa vyake alimgombeza mama yake kwa kukoroga uji kwa fujo. Hicho ndicho nilichokondea.

Namshukuru Mungu, namshukuru binti yule wa mashine, na mume wangu aliyevumilia mwiko. Nanyi nawaomba. Masikio yakiuma, acheni kumimina mafuta na maji ya majani kama mama yangu alivyonimiminia. Mtoto asipoitika, msimchape kwanza, mpelekeni akapimwe. Na mtu mzima unayeona kila mtu ananong'ona, nenda kapimwe kabla hujamwaga tenga la mtu. Wivu bado ninao, sitawadanganya. Ila sasa naonea wivu mambo ninayoyasikia.

Jirani yangu yuko hapa, amekaa nyuma, ameinamisha kichwa kwa aibu utadhani ndiye mwenye kosa. Nilipopata vifaa vyangu na kuvizoea, asubuhi moja nilichuma tenga zima nikampelekea mlangoni. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Kabla sijafungua mdomo, akashika majani, akayageuzageuza. Hakupaza sauti, hakunisogelea.

"Dada," akasema, "umechanganya laini na makubwa."

Nikakaa kwenye ngazi yake nikalia. Akadhani amenikwaza, akaanza yeye kuniomba radhi. Nilimwacha aombe kwa muda, kwa sababu nilikuwa namsikia.