Roboti Lisilo na Mjomba

Ndani ya basi la Masasi kwenda Newala, Mwalimu Gasper alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Pale Mama Yassini, aliyekuwa bado hajamruhusu mwanawe kujiunga na jeshi, alikuwa akionyeshwa video na mzee mmoja wa Lupaso: roboti la magurudumu, bunduki mgongoni.

"Mwache tu aende, mama. Vita vya sasa vyuma ndivyo vinavyotangulia."

"Na adui si anavyo pia, baba? Kikimuua Yassini wangu, nimshitaki nani? Kwetu mtu akikosa, anaitwa mjomba wake, kaka wa mama, amalize kesi. Hicho mjomba wake nani?"

"Aliyekitengeneza."

"Huyo ni baba! Tangu lini kesi zetu zikaamuliwa na baba?"

Basi zima likacheka. Gasper alijua kwamba mengi ya maroboti hayo huongozwa na askari aliye mbali, akafungua mdomo aseme. Akaufunga; huyo askari naye angeulizwa ukoo wake.

Basi likasimama Newala. Yassini, aliyekuwa akimngoja mama yake stendi, akasogea mlangoni kupokea mzigo. "Shikamoo mama. Umekubali?"

"Marahaba. Subiri kwanza." Akamgeukia mzee. "Teremka, baba. Bado hujanijibu."