Bwana Makopo wa Kahe

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mwika na wageni wetu kutoka Kahe, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Ndelilio Filemon Mlay, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Bwana Makopo, jina alilolipenda kuliko la ubatizo.

Alizaliwa hapa Mwika tarehe 11 Mei 1964, mtoto wa tatu wa mzee Filemon na mama Elisifa, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1972 hadi 1978, sekondari mjini Moshi hadi 1982, kisha stashahada ya kilimo aliyohitimu mwaka 1987, na mwaka uleule akaajiriwa kuwa bwana shamba, akapangiwa Kahe.

Mwaka 1993 wakulima wa Kahe walipiga dawa ya magugu kwenye mahindi, na ilipofika zamu ya maharage Ndelilio akawahakikishia kwamba muda ulioandikwa kwenye chupa umekwisha, wapande bila wasiwasi, maharage yakaota, yakageuka manjano, yakafa, na binti mmoja aitwaye Aikaeli akaibeba miche ile na udongo wake hadi ofisini kwa Ndelilio, Moshi, akaimwaga mezani, akaketi kusubiri jibu.  Kaka alirudi naye Kahe, akachimba, akatambua kwamba mvua ziligoma na udongo ulikauka, na vijidudu vya udongoni vinavyoivunja dawa haviwezi kazi bila unyevu, na penye kichanga maji ya mfereji yalikuwa yameisukuma dawa hadi mashamba ya chini ambayo hayakupigwa kabisa. Tangu hapo hakuruhusu shamba lipandwe kwa kutazama kalenda, alichota udongo wake, akaujaza kwenye makopo ya maziwa, akapanda maharage machache, na kando akaweka kopo la udongo wa kihamba hiki, shamba letu la ukoo tunapomlaza leo, usioijua dawa, akangoja kuona kama majani yatafanana.

Moyo nao ulikuwa umeshabaki Kahe. Alipopeleka posa, baba yake Aikaeli, aliyepoteza ekari mbili, alimjibu kwa kifupi, "Maharage yaote kwanza, mahari baadaye." Makopo yakakaa barazani kwa mzee, kijiji kizima kikipita kuchungulia na kucheka, yakatoa majani mazima, shamba likapandwa, likajaa, na ndoa ikafungwa tarehe 16 Desemba 1995, wakajaliwa Kindness na Mathew.

Alistaafu mwaka 2024, figo zikiwa zimeanza kumsumbua, lakini Kahe hawakumstaafisha, mapema mwezi huu walimletea udongo, akapanda makopo yake ya mwisho, akalazwa tarehe 8, na kila siku alimuuliza mkewe habari za majani kabla ya habari za vipimo vyake, akijibiwa kwamba bado ni mapema, hadi alipotutoka alfajiri ya Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025. Inatuuma kwamba hakulipata jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliolala nasi hapa, na mabwana shamba wenzake mliokuja hata kutoka mbali.

Ndugu zetu wa Kahe, tunajua mnaona haya kuuliza msibani, basi hamna haja, asubuhi hii Aikaeli ameyakagua makopo yote, na majani ni ya kijani, sawasawa na yale ya udongo wa kihamba. Nendeni mkapande.

Nawe kaka, pumzika kwa amani, maharage yameota.