Waya Ulionyooka

TADEO: Haloo! Haloo, nani hapo?

GIDAMIS: Umepiga wewe, halafu unaniuliza mimi nani? Anza wewe.

TADEO: Meneja Tadeo hapa. Wa shamba la ngano.

GIDAMIS: Aaa! Shikamoo, bwana meneja!

TADEO: Marahaba. Sikiliza, Gidamis, sina—

GIDAMIS: Habari za asubuhi? Ngano haijambo? Mashine za kuvunia zimeamkaje?

TADEO: Salama, salama! Vocha yangu ni kid— [mkwaruzo] —lewa?

GIDAMIS: Unakwaruza kama kuku kwenye majivu. Ngoja nipande jiwe. [anapanda] Haya. Hapa Masakta mtandao unashika juu ya jiwe moja tu, nalo limekaliwa na mbuzi. Shuka, mjinga wewe! ... Si wewe, bwana meneja. Mbuzi.

TADEO: Kompyuta hazionani.

GIDAMIS: Zimegombana?

TADEO: Usinitanie, kijana! Ya ofisini haioni ya ghalani, ya ghalani haioni ya karakana. Tangu siku uliyoondoka. Na wageni wa Dar wamelala Katesh, saa nne wanafika. Niliwaandikia barua kwamba majengo yetu matatu yanaongea. Wakikuta yamenyamaza, mimi si meneja tena.

GIDAMIS: Si una Nikolausi? Shemeji yako ndiye fundi, toka uliponifukuza.

TADEO: Nikolausi amefungua mashine zote, amepuliza vumbi, ameziwasha, amezizima—

GIDAMIS: Amezipiga makofi?

TADEO: Moja tu.

GIDAMIS: Maskini. Uko wapi sasa?

TADEO: Karakana.

GIDAMIS: Angalia nyuma ya kompyuta, pale waya mweusi unapoishia. Kuna kidude kama kifuniko cha kalamu?

TADEO: Hakuna.

GIDAMIS: Basi ugonjwa ndio huo. Waya wa aina ile unazibwa ncha zote mbili kwa vidude kama hicho. Ncha moja ikibaki wazi, nyumba zote tatu zinakuwa mabubu.

TADEO: Umekiiba!

GIDAMIS: Taratibu, baba. Nilipokuomba vifaa ulisema bajeti hakuna, tumia akili. Nikaitumia. Kile kidude nilikitengeneza kwa kipande nilichotoa ndani ya redio ya marehemu babu. Halafu ukaniambia, "Chukua vilivyo vyako, uende." Nikachukua kilicho chetu. Nimekutii, sasa unalia?

TADEO: Unataka nini? Kazi? Nakurudishia leo hii.

GIDAMIS: Waya wangu ulipita wapi?

TADEO: Gidamis, wageni wak—

GIDAMIS: Wapi?

TADEO: Ulizunguka. Ulizunguka kile kilima.

GIDAMIS: Kilima gani?

TADEO: [kimya]

GIDAMIS: Vocha inaisha, bwana meneja.

TADEO: Kaburi. Kaburi la babu yako.

GIDAMIS: Eee. Ukoo mzima ulilijenga, udongo juu ya udongo, miezi tisa, kabla hata trekta lenu la kwanza halijafika huku. Mimi nikalizunguka kwa heshima, kwenye nguzo za ua wa zamani. Mita arobaini za ziada. Ukasemaje?

TADEO: Siku ile nilikuwa na hasira.

GIDAMIS: Ukasema waya wa serikali haumzunguki mchunga ng'ombe. Unyooke! Nikolausi akaleta trekta, akalipasua kaburi katikati kama mkate, akalaza waya humo. Mama yangu akasimama mbele ya trekta. Wewe uko ndani ya gari. Mama anayeweza kukuzaa. Ulimsalimia?

TADEO: [mkwaruzo] —sikii vizuri—

GIDAMIS: Unasikia. Ulimpigia honi.

TADEO: Kidude kiko wapi?

GIDAMIS: Mama anacho. Amekitunga kwenye ushanga wake wa shingoni. Yuko pale kaburini tangu alfajiri, dakika tano kwa miguu. Nenda, usikate simu.

TADEO: Namtuma Nikolausi.

GIDAMIS: Nikolausi atarudi na meno pungufu. Nenda wewe.

TADEO: [anahema] Natembea... Suti nzima imejaa makapi.

GIDAMIS: Utapendeza. Wageni watasema, huyu meneja kweli ni wa ngano.

TADEO: Namwona. Amekaa tu. Hajageuka.

GIDAMIS: Kofia.

TADEO: Nini?

GIDAMIS: Vua kofia.

TADEO: Nimevua. Shikamoo, mama. [upepo] Haitikii.

GIDAMIS: Labda anasubiri honi.

TADEO: Gidamis!

GIDAMIS: Mwamkie tena. Kiswahili anakijua, usimpigie kelele.

TADEO: Shikamoo, mama. Bado haitikii. Ana jembe. Analisukuma kwangu kwa mguu.

GIDAMIS: Basi mmeanza kuelewana. Fukua waya, uutoe wote humo ndani. Halafu urudishe udongo mpaka kaburi lizibike.

TADEO: Nikiutoa, karakana itaungana na nini?

GIDAMIS: Amekalia nini mama?

TADEO: Amekalia... ni waya. Umeviringwa.

GIDAMIS: Mita zangu arobaini mlizokata. Ncha nimeziwekea vichwa vyake tayari, ni kuchomeka huku na huku tu, upite ulikokuwa unapita. Kaburi likizibika, atakupa kidude. Akitaka.

TADEO: Akitaka?

GIDAMIS: Mimi si meneja wake.

TADEO: Saa nne kasoro ishirini! Angalau niite watu wenye majembe—

GIDAMIS: Mwulize kama anataka watu.

TADEO: Mama, niite watu? Ametikisa kichwa, hataki.

GIDAMIS: Simu iweke begani, basi. Nataka nilisikie hilo jembe.

TADEO: [jembe] [jembe] Udongo mgumu huu...

GIDAMIS: Walishindilia kwa miguu. Akina mama na watoto. Endelea.

TADEO: [jembe] Waya umetoka. [anahema] Nafukia sasa. Mikono inatoka malengelenge.

GIDAMIS: Hapa mbuzi amerudi, anakusikiliza naye. Anafurahi sana.

TADEO: Gidamis... naona vumbi. Magari mawili.

GIDAMIS: Wamewahi.

TADEO: Wanapita ofisini... wamesimama. Nikolausi anawaonyesha huku! Mjinga anawaonyesha huku! Wanakuja!

GIDAMIS: Fukia.

TADEO: Wananiona! Nimeshika jembe, nimejaa udongo— niwaambie nini?

GIDAMIS: Waambie unaunganisha majengo, bwana meneja. Si uongo.

TADEO: Gidamis, nakuomba—

GIDAMIS: Usiniombe mimi. Imebaki shikamoo ya tatu. Mwamkie, na wao wasikie.

TADEO: [upepo] Shikamoo, mama.

GIDAMIS: Ameitikia?

TADEO: Ameinuka. Ameshika ushanga. Anaangalia pale nilipofukia, anapapasa kwa mkono... Gidamis, mama yako analia.

GIDAMIS: Analia? Mpe simu.

TADEO: Anasema—

GIDAMIS: Mpe simu, nimesema!

TADEO: Anasema nikwambie uru— [tuu, tuu, tuu]

GIDAMIS: Haloo? Nifanye nini? Haloo! ... Mama?