Mapipa Mawili, Gari Moja

Asubuhi hiyo Mwalimu Mstaafu alifika kijiweni bila kumsalimia mtu, akajibwaga kwenye benchi lililo mbele ya kinyozi, akapokea kikombe cha kahawa asikinywe. Miezi minne alikuwa amezunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akibembeleza watu watenge taka: mabaki ya chakula pipa la kijani, chupa na karatasi pipa la bluu. Shemeji yake alifikia hatua ya kuosha makopo kabla ya kuyatupa. Na leo, kwa macho yake mwenyewe, ameliona gari la taka likimeza mapipa yote mawili kwa mkupuo mmoja.

—Wamechanganya, alisema. Kijani na bluu, vyote ndani.

—Ulitegemea nini, Mwalimu? Kinyozi alijibu akiwa mlangoni, mashine mkononi. Wenzetu huko ng'ambo wanachoma taka wanapata umeme. Zikiwaishia, wanaagiza za jirani.

—Kwa sababu ya baridi, alisema Breki, dereva wa lori aliyestaafu kuendesha lakini si kubisha. Mwenye baridi anachoma chochote. Sisi na jua hili tuchome ili iweje?

—Baridi haihusiki, Breki, alisema Kinyozi. Taka zao kavu. Zetu nusu maji, maganda matupu. Ukizitia kwenye tanuri unapika supu.

—Ndiyo maana nikasema tutenge, Mwalimu alisema, sauti ikianza kupanda. Miezi minne nasema hilo hilo.

—Shida ni ardhi, alidakia fundi viatu, misumari midomoni. Wao hawana pa kutupa. Sisi tuna bonde. Likijaa, akili itatujia.

—Bonde halijai, alisema Breki. Mwaka juzi nilitupa godoro kule. Mafuriko yakanirudishia mpaka mlangoni.

—Mimi nasema ni paka, alisema Kinyozi. Kule paka wanalelewa ndani. Hapa paka mmoja anapasua mifuko ya nyumba kumi. Serikali ingeanza na paka.

Mwalimu alifumba macho. Darasani aliwamudu watoto sitini. Hawa watatu walikuwa wamemshinda.

Alipoyafumbua, dereva wa gari la taka alikuwa amesimama mbele yao, glavu kwapani, akiagiza kahawa. Mwalimu akainuka.

—Ni wewe uliyechanganya taka zetu.

—Ni mimi, mzee. Shikamoo.

—Marahaba. Unajua tulivyohangaika? Mtaa mzima umetenga.

—Nimeona. Mitaa yote ninayopita, hakuna unaotenga kama huu. Ila gari lina tumbo moja, na nikitoka hapa nashusha bondeni. Dereva alikuna shingo, akauliza kwa adabu kabisa: Hizo za bluu, mzee, mlitaka nizipeleke wapi?

Fundi viatu alitema misumari kiganjani. Mwalimu alizipitia kichwani nyumba zote alizobishia hodi. Hakuna hata moja iliyowahi kumuuliza hivyo, naye hakuwahi kujiuliza.

Alikaa tena, akasogea pembeni, akampisha dereva kwenye benchi.