Mpendwa Fundi Bomba

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, fundi bomba alimwonyesha simu yake dada aliyekaa naye, mtu ambaye hata jina lake hakulijua. "Soma mwenyewe: 'Mpendwa Fundi Bomba, tutunzie tarehe hii, mwaliko unafuata.' Binti wa mteja wangu anaolewa."

Dada alisoma, akacheka. "Samahani kaka'angu. Huyo bibi harusi kawatumia watu wote waliomo kwenye simu ya mama yake. Ndivyo ulivyoandikwa humo, Fundi Bomba. Hata muuza gesi kapata."

"Basi tutakaa meza moja."

"Na mwaliko usipokuja?"

"Dada, watu hunikumbuka jikoni kukishageuka bwawa. Safari hii nimekumbukwa sakafu ikiwa kavu. Niache nishukuru." Akasema suti ameshaipeleka kwa dobi. Mimi nina ndugu wa damu waliokuja harusini kwangu na kandambili.

"Utaaibika, kaka."

Basi likasimama kituoni kwake. Akajitwika mfuko wake wa spana, akageuka. "Siku hiyo bomba lako likipasuka, usinitafute. Nina harusi."